Historia ya 2²⁵⁵ − 19, Namba Tasa Iliyofika Eastlands

Kuanzia alfajiri matatu za kwanza zinapoondoka Kayole hadi usiku wauza chipsi wa Umoja wanapofunga vibanda, simu za Eastlands, mashariki mwa Nairobi, hupiga hesabu kwa namba moja. Mama wa Dandora anapomwandikia mwanawe wa Buruburu kwenye WhatsApp, simu zao zinaitumia. Chama cha Kariobangi kinapokumbushana michango ya mwisho wa mwezi, simu za wanachama zinaitumia. Namba yenyewe ni hii:

57896044618658097711785492504343953926634992332820282019728792003956564819949

Ina tarakimu 77. Kwa ufupi huandikwa 2²⁵⁵ − 19: chukua 2 mara 255, uzizidishe zote pamoja, kisha utoe 19. Ni namba tasa, yaani haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Wala si siri. Imechapishwa waziwazi, na mwanafunzi yeyote anaweza kuikagua.

Naiandikia historia kwa sababu mitaa ya Eastlands inajua vizuri maana ya kuhesabiwa, kukaguliwa na kusikilizwa bila kuombwa ridhaa. Kwa miaka mingi namba zilizomfikia mkazi wa huku zilikuwa za kumfuatilia. Hii imemfikia kwa masharti yaleyale iliyomfikia waziri, balozi na tajiri, na kazi yake ni kumlinda.

Namba za kwanza za Eastlands

Nairobi ilizaliwa na reli. Ujenzi wa reli ya Uganda ulianzia Mombasa mwaka 1896, na mwaka 1899 vyuma vikafika kwenye tambarare yenye majimaji iliyokuja kuwa jiji. Wafanyakazi wa reli walijengewa landhi huko Muthurwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 Waafrika wakatengewa Pumwani. Mashariki ya mji ikawa makazi ya watu wa kazi, nao watu wa kazi wakapewa namba.

Sheria ya kuwaandikisha ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa kwa nguvu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kubeba kipande: karatasi yenye jina, alama za vidole, kazi aliyofanya na mshahara aliolipwa, ndani ya kijaluba cha chuma kilichofungwa kwa kamba shingoni. Aliyekamatwa bila kipande alikuwa na kesi. Mwajiri aliyekataa kutia sahihi siku ya mtu kuacha kazi alimfanya asiweze kuajiriwa kwingine.

Miongoni mwa waliosimama kupinga alikuwa Harry Thuku, mpokea simu katika ofisi ya Hazina. Mwaka 1921 aliongoza mikutano jijini, chama chake kikapeleka malalamiko moja kwa moja London kwa telegramu. Tarehe 14 Machi 1922 alikamatwa. Siku mbili baadaye umati uliokusanyika nje ya kituo cha polisi alikozuiliwa ulifyatuliwa risasi, na Muthoni Nyanjiru, mwanamke aliyewahimiza wanaume wasirudi nyuma, akawa kati ya waliouawa. Thuku mwenyewe alihamishiwa Kismayu.

Zamu nyingine ilikuja tarehe 24 Aprili 1954. Kabla ya mapambazuko, maelfu ya askari waliizunguka Nairobi katika msako ulioitwa Operesheni Anvil. Mitaa ya Waafrika ilipekuliwa nyumba kwa nyumba. Wakikuyu, Waembu na Wameru walipangwa foleni na kupitishwa mbele ya mashahidi waliofunikwa magunia yenye matundu mawili ya macho, wale walioitwa gakunia. Kichwa kilichotikiswa ndani ya gunia kilitosha kumtenga mtu na familia yake. Zaidi ya watu 20,000 walizuiliwa, wakapelekwa kambi za Langata, Mackinnon Road na Manyani, na barua zao zikasomwa na maofisa kabla ya kufika nyumbani.

Haya hayakufutika na uhuru wa mwaka 1963. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, ilipoandika kwamba kila mtu ana haki ya faragha ya mawasiliano yake, ilikuwa inajibu historia ambayo Pumwani na Bahati ziliijua vizuri. Lakini haki iliyoandikwa huhitaji kitu cha kuitekeleza. Hapo ndipo hesabu inapoingia.

Afrika na namba tasa

Wanaodhani namba tasa ni kitu cha ugenini wanapaswa kuanzia Ishango, mahali Mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward, mashariki mwa Kongo. Mwaka 1950 mwanajiolojia wa Ubelgiji Jean de Heinzelin alifukua hapo mfupa mdogo uliochanjwa alama kwa mafungu. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka 20,000 hivi. Katika safu moja mafungu yana alama 11, 13, 17 na 19. Hizo ndizo namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20, na jumla yake ni 60. Safu ya pili ina 11, 21, 19 na 9, na jumla yake pia ni 60.

Wataalamu hawajakubaliana kuhusu maana ya chale hizo. Wapo wanaoziona kama hesabu ya siku za mwezi, na wapo wanaosema mpangilio wa namba tasa ulitokea kwa bahati. Lisilobishaniwa ni kwamba kando ya Ziwa Edward, maelfu ya miaka kabla ya maandishi kubuniwa popote, kulikuwa na mtu aliyechanja alama kwa mafungu na kwa uangalifu.

Maarifa yaliyoandikwa yanatupeleka kaskazini mwa bara hilihili. Huko Aleksandria, yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, Euclid alithibitisha kwamba namba tasa hazina mwisho. Hoja yake inatosha ubaoni. Chukua namba tasa zote unazozijua, uzizidishe pamoja, kisha uongeze 1. Ukiligawa jibu kwa yoyote kati ya hizo, utabaki na 1. Basi ama jibu lenyewe ni namba tasa, ama lina kigawo tasa ambacho hukuwa nacho. Orodha yoyote utakayoandika ina mwenzake aliyeachwa nje.

Muda si mrefu baadaye Eratosthenes, mzaliwa wa Cyrene katika Libya ya leo na msimamizi wa maktaba ya Aleksandria, akaweka utaratibu wa kuzichekecha: andika namba kwa mfuatano, futa vigawe vya 2, kisha vya 3, kisha vya 5, na kuendelea. Zinazosalia ni tasa. Karne nyingi zikapita, na mjini Kairo Ibn al-Haytham, aliyefariki yapata mwaka 1040, akawa anaijua sifa nyingine: zidisha namba zote zilizo chini ya namba tasa, ongeza 1, na namba tasa hiyo itagawanya jibu bila baki. Kwa 7, zidisha 1 hadi 6, upate 720. Ongeza 1, upate 721, ambayo ni 7 mara 103.

Njia ya kukagua bila kugawanya

Namba ndogo huhitaji subira tu. Namba ya tarakimu 77 huishinda subira ya binadamu, na ya kompyuta pia, kwa kuwa kuijaribu kwa kila kigawo kinachowezekana kungedai majaribio mengi kupita uwezo wa mashine zote zilizopo. Mlango ulifunguliwa mwaka 1640 na Pierre de Fermat, mwanasheria wa Ufaransa aliyefanya hesabu kwa mapenzi. Aligundua kwamba ukichukua namba tasa p, kisha ukapandisha 2 kwa kipeo cha p − 1 na kugawa kwa p, baki huwa 1 daima, ila p ikiwa ni 2 yenyewe. Jaribu kwa 7: 2⁶ ni 64, na 64 ni 9 mara 7 na baki 1. Jaribu kwa 9, ambayo si tasa: 2⁸ ni 256, na 256 ukigawa kwa 9 hubaki 4. Kwa hiyo 9 imenaswa bila hata kutafutiwa vigawo.

Kuna namba chache zinazopenya mtihani huu kwa hila. Ya kwanza katika zile zinazohadaa kwa kila kizio (namba inayopandishwa kipeo, kama 2 hapo juu) kisicho na kigawo cha pamoja nazo ni 561, ambayo ni 3 mara 11 mara 17. Ndiyo maana wanahisabati hawakuishia kwa Fermat. Lakini wazo kubwa lilikuwa limepatikana: namba inaweza kuulizwa swali moja la haraka, na jibu lake likaifichua kama si tasa.

Mwaka 1644 padri Marin Mersenne alitangaza orodha ya vipeo ambavyo, alisema, 2 ikipandishwa navyo na kutolewa 1 hutoa namba tasa. Kipeo cha 67 kilikuwemo. Leonhard Euler alithibitisha mwaka 1772 kwamba 2³¹ − 1, yaani 2147483647, ni tasa kweli. Édouard Lucas alionyesha mwaka 1876 kwamba 2⁶⁷ − 1 si tasa, ila vigawo vyake hakuvipata. Vilipatikana mwaka 1903. Frank Nelson Cole alisimama mbele ya mkutano wa wanahisabati mjini New York, akaandika ubaoni 193707721 mara 761838257287, akazidisha kwa mkono, na jibu likatoka 147573952589676412927, sawasawa na 2⁶⁷ − 1. Kuzidisha kulichukua dakika. Kuzitafuta namba hizo mbili kulikuwa kumemgharimu miaka.

Tofauti hiyo, kati ya wepesi wa kwenda na ugumu wa kurudi, ndiyo iliyokuja kuajiriwa kulinda siri.

Swali la wingi wa namba tasa nalo lilipata jibu. Mwaka 1896, mwaka uleule ujenzi wa reli ulipoanza Mombasa, Jacques Hadamard na Charles de la Vallée Poussin walithibitisha, kila mmoja peke yake, kwa kiasi gani namba tasa huadimika kadiri zinavyokua. Kwenye ukubwa wa 2²⁵⁵, namba moja kati ya 177 hivi ni tasa. Ni chache, lakini si adimu kiasi cha kukosekana. Anayetafuta atapata, na anaweza kuchagua iliyo bora.

Siri inayojengwa hadharani

Mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman, katika Chuo Kikuu cha Stanford, walitangaza jambo ambalo wengi walidhani haliwezekani: watu wawili wasiowahi kukutana wanaweza kukubaliana siri huku adui akisikiliza kila neno. Natumia mfano mdogo.

Mweka hazina wa chama yuko Umoja, mwenyekiti yuko Dandora. Wanatangaza hadharani namba tasa 29 na kizio 2. Mweka hazina anachagua moyoni 5. Anapiga 2⁵, anapata 32, anagawa kwa 29, anatuma baki: 3. Mwenyekiti anachagua moyoni 11. Anapiga 2¹¹, anapata 2048, anagawa kwa 29, anatuma baki: 18. Sasa mweka hazina anapandisha 18 kwa kipeo chake cha 5 na kugawa kwa 29, naye mwenyekiti anapandisha 3 kwa kipeo chake cha 11 na kugawa kwa 29. Wote wawili wanapata baki 15. Aliyesikiliza njiani amesikia 29, 2, 3 na 18. Hakuna aliyeitamka 15, na hiyo ndiyo siri yao.

Kwa 29, adui atajaribu vipeo vyote kabla chai haijapoa. Namba tasa ikiwa kubwa, anakwama. Na lazima iwe tasa, kwa sababu namba yenye vigawo vidogo humpa adui nafasi ya kulimega tatizo vipande na kushughulikia kipande kimoja kimoja. Haitoshi hata hivyo kuwa tasa tu. Wanaoteua namba hizi huangalia pia muundo unaozunguka namba yenyewe, usije ukaacha mwanya wa namna hiyohiyo.

Ilijulikana mwaka 1997 kwamba wataalamu wa shirika la ujasusi la Uingereza walikuwa wamefikia mawazo kama hayo mapema miaka ya 1970, wakayafungia kabatini. Yaliyoufaidi ulimwengu ni yale yaliyochapishwa, yakajadiliwa, yakapigwa vita na wapinzani, yakasimama.

Mwaka 1985 Neal Koblitz na Victor Miller, kila mmoja peke yake, walipendekeza kubadilisha vipeo na kutumia nukta zilizo juu ya mkunjo wa kihisabati. Una nukta ya kuanzia na kanuni ya kujumlisha nukta na nukta. Unajumlisha idadi ya mara unayoijua wewe tu, halafu unatangaza ulikofikia. Kutoka pale ulipofikia hadi idadi uliyoificha, hakuna njia fupi inayojulikana kwa kompyuta za leo. Kwa hiyo namba za tarakimu 77 zikatosha kwa kazi ambayo njia za zamani zilihitaji namba za mamia ya tarakimu.

Kuchaguliwa kwa 2²⁵⁵ − 19

Mwanahisabati aliyeiteua namba yetu ni Mmarekani Daniel J. Bernstein, mtu aliyekuwa na kesi na serikali yake. Marekani ya wakati huo iliiweka teknolojia ya kuficha ujumbe katika orodha moja na silaha, na kuichapisha kwa watu wa nje kulihitaji kibali. Mwaka 1995 Bernstein alikwenda mahakamani akidai kwamba programu ya kompyuta ni usemi, na usemi una ulinzi wa katiba. Mwaka 1999 majaji wengi wa jopo la rufaa walikubaliana naye. Mwaka uliofuata serikali ililegeza masharti yake.

Mwaka 2005 alitangaza mfumo wake wa nukta na mkunjo, na makala yake ikachapishwa mwaka 2006. Mlinganyo ni y² = x³ + 486662x² + x, nukta ya kuanzia ina x iliyo sawa na 9, na hesabu yote hufanywa kwa kubakiza mabaki baada ya kugawa kwa 2²⁵⁵ − 19. Aliandika sababu za kila uamuzi. Alitaka namba tasa iliyo karibu sana na kipeo cha 2, itakayokaa vizuri ndani ya baiti 32. Alizitaja zilizomfaa, zikiwemo 2²⁵⁵ − 31 na 2²⁵⁵ + 95, akachukua ile iliyokuwa na nyongeza ndogo kuliko zote: 19. Hiyo pia ndiyo namba tasa kubwa kuliko zote zilizo chini ya 2²⁵⁵.

Udogo wa 19 una faida inayoonekana. Kompyuta huhesabu kwa vipeo vya 2. Ikizidisha namba mbili kubwa, jibu humwagika kupita 2²⁵⁵ na linatakiwa kurudishwa chini. Kwa kuwa 2²⁵⁵ ukigawa kwa namba yetu hubaki 19, kilichomwagika huzidishwa tu kwa 19 na kujumlishwa na kilichobaki. Hakuna kugawanya kurefu. Mwenye kalamu aonje kwa namba tasa 13, ambayo ni 2⁴ − 3. Zidisha 11 kwa 12, upate 132, ambayo ni 8 mara 16 na 4 juu. Badala ya 16 weka 3: 8 mara 3 ni 24, ongeza 4, ni 28. Nayo 28 ni 16 moja na 12 juu: 3 na 12 ni 15. Toa 13, unabaki na 2. Gawa 132 kwa 13 kwa njia ya kawaida, baki ni 2 ileile.

Utasa wake nao tunaweza kuuonja kwa chaki. Je, 7 inaigawanya? 2³ ni 8, na 8 kwa 7 hubaki 1. Kwa kuwa 255 ni 3 mara 85, 2²⁵⁵ nayo hubaki 1. Toa 19, unapata −18, ambayo ukiiongeza 21 ni 3. Baki ni 3, basi 7 imeshindwa. Jaribu 11: 2¹⁰ hubaki 1, hivyo 2²⁵⁵ hubaki sawa na 2⁵, yaani 32, ambayo kwa 11 hubaki 10. Toa 19, ni −9, na ukiongeza 11 ni 2. Hata 11 imeshindwa. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kuendelea hivi na 13, 17 na 19, na hakuna itakayofaulu.

Uthibitisho kamili hupita njia ambayo Lucas aliianzisha. Unatoa 1, unapata 2²⁵⁵ − 20, unatafuta vigawo vyake: 4, 3, 65147, na namba tasa moja yenye tarakimu 71. Ukishajua vigawo hivyo, unaweza kuulizia maswali ya Fermat kwa namna isiyoacha nafasi ya hila kama ya 561. Ile ya tarakimu 71 nayo inathibitishwa kwa kutoa 1 na kutafuta vigawo vyake, kisha vilivyo chini yake, kama mzee anayetaja nasaba kizazi baada ya kizazi, mpaka zifikiwe namba ndogo ambazo kila mtu anazijua.

Isitoshe, ukiigawa kwa 4 hubaki 1. Kwa namba tasa za aina hiyo kuna kanuni ya Fermat, aliyoithibitisha Euler: kila moja ni jumla ya miraba miwili, kwa namna moja tu. Kama 13 ilivyo 4 na 9, na 29 ilivyo 4 na 25, ndivyo na namba hii ya tarakimu 77 ilivyo.

Safari ya kufika mtaani

Kwa miaka kadhaa mfumo huu ulitumiwa na wataalamu wachache. Mwaka 2013 nyaraka za ujasusi wa Marekani alizozifichua Edward Snowden ziliamsha shaka kubwa kwamba baadhi ya viwango rasmi vya usimbaji fiche vilikuwa vimechezewa na majasusi. Wahandisi wakaanza kutafuta namba ambazo kila tarakimu yake ina sababu iliyoelezwa. Ya Bernstein ilikuwa tayari, na maelezo yake yalikuwa wazi tangu mwanzo.

Tarehe 5 Aprili 2016 WhatsApp, iliyokuwa na watumiaji zaidi ya bilioni moja, ilitangaza kwamba imekamilisha usimbaji fiche kutoka mwanzo hadi mwisho kwa kila ujumbe na kila simu. Ilitumia mfumo wa Signal, ulioundwa na Moxie Marlinspike na Trevor Perrin, ambao ndani yake simu hukubaliana siri kwa mkunjo wa Bernstein. Wala haikuwa kwa simu za bei ghali pekee. Nokia ndogo za vitufe zenye intaneti, zilizokuwa bado mikononi mwa watu wengi Eastlands, zilikuwa katika orodha. Wepesi wa ile 19 ulimfaa mtu mwenye simu dhaifu: hesabu inakwisha upesi hata kwenye kifaa kisicho na nguvu. Mwaka 2018 kiwango kipya cha kulinda tovuti, TLS 1.3, kiliuweka mkunjo huohuo kati ya vile vinavyokubalika, na kwa njia hiyo namba yetu ikaingia pia katika vivinjari.

Mkazi wa Eastlands anaweza kuona alama yake. Fungua mazungumzo ya WhatsApp na mtu mmoja, gusa jina lake, kisha gusa sehemu ya usimbaji fiche. Utaona tarakimu 60 katika mafungu 12 ya tano tano. Zimetokana na funguo za wazi, yaani zile nukta zinazotangazwa, za simu yako na ya mwenzako. Mkikaa kwenye benchi moja mkazilinganisha na kukuta zinafanana, mmehakikisha kwamba hakuna aliyejipenyeza katikati. Hamkuhitaji kibali cha ofisi yoyote wala neno la shahidi aliyejifunika uso.

Je, nguvu yake ni kiasi gani? Njia bora inayojulikana ya kuuvunja mkunjo huu kwa kompyuta za kawaida inahitaji hatua karibu 2¹²⁵. Tuseme kuna kompyuta milioni moja, kila moja ikifanya hatua bilioni moja kwa sekunde bila kupumzika. Zingehitaji zaidi ya miaka trilioni elfu moja.

Mipaka yake, na kazi iliyobaki

Tunapoisifu namba hii tusiibebeshe mzigo usio wake. Inaficha maneno yakiwa njiani. Haifichi kwamba ulizungumza na nani na saa ngapi. Haimzuii mwanachama wa kundi kupiga picha ya skrini na kuisambaza. Haisaidii simu iliyoporwa ikiwa wazi, wala mtu aliyemtajia tapeli namba yake ya siri.

Tena, siku zake za kazi zina mwisho unaoonekana. Mwaka 1994 Peter Shor alionyesha kwamba kompyuta ya kwantamu, ikijengwa kubwa na imara vya kutosha, ingerudi kutoka kwenye nukta hadi kwenye idadi iliyofichwa kwa urahisi. Kompyuta hiyo bado haipo, lakini anayehifadhi ujumbe leo anaweza kusubiri kuufungua kesho. Kwa hiyo mwaka 2023 Signal iliongeza kinga ya aina mpya kando ya mkunjo wa Bernstein, na Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani ikatoa viwango vya kwanza vya kinga hiyo, baada ya shindano la wazi lililoanza mwaka 2016 na kuwaalika wanahisabati wa dunia nzima kuleta mifumo yao na kuvunja ya wenzao.

Shindano hilo ndilo somo ninalotaka shule za Eastlands zilichukue. Watoto wetu hufundishwa namba tasa katika shule ya msingi ili watafute vigawo vya pamoja, kisha mada hufungwa. Wangeweza kuambiwa kwamba mada hiyohiyo inalinda mazungumzo ya mama zao, na wakaonyeshwa. Kwenye kompyuta yenye lugha ya Python, mstari mmoja unatosha: andika p = 2**255 - 19, kisha pow(2, p-1, p), na jibu linatoka 1 kabla hujaondoa kidole. Badilisha 19 iwe 21 na jibu halitakuwa 1. Hiyo ni kanuni ya mwaka 1640 ikifanya kazi mbele ya mtoto wa shule, na mtoto akishaiona ana haki ya kuuliza kwa nini.

Kinga zitakazokuja baada ya namba hii hazijakamilika, na ukaguzi wake hauulizi mtu anatoka mtaa gani. Unauliza kama hoja yake inasimama. Kijana wa Kaloleni au Komarock anayeweza kuonyesha kwa kalamu kwamba mfumo fulani una ufa atasikilizwa Stanford na kwingineko kote, kwa kuwa kila atakayebisha atalazimika kurudia hesabu ileile. Tumpe hesabu hiyo mapema, tumfundishe kwa kina, naye ataingia katika kazi hii akiwa mkaguzi.